Waombolezaji wa Shimo la Saba

Wanaowajibika ni watatu, na ninawataja kabla ya neno lingine lolote ili msomaji asije akadhani kwamba nasimulia ngano. Wa kwanza ni kamati ya kiwanja cha gofu kilichokuwa kando ya msitu, mwendo mfupi kutoka mjini Kakamega, iliyotandaza nyasi juu ya kaburi la babu yangu. Wa pili ni marehemu baba yangu, fundi wa nyasi wa kiwanja hicho, aliyejua kaburi lilipo na akatia sahihi karatasi iliyosema halipo. Wa tatu ni mimi. Sehemu yangu ni ndogo, lakini niliitenda mara mbili: kwanza nikiwa mtoto wa darasa la pili, na tena nikiwa mtumishi wa serikali mwenye muhuri mkononi. Jambo lenyewe halina mzunguko. Babu amelala peke yake chini ya shimo la saba, na bibi yangu, aliyeomba kitu kimoja tu katika siku zake za mwisho, amelala peke yake ng'ambo ya kijito.

Sikuwa nimekusudia kuandika. Nimestaafu, nina ng'ombe wawili na kiti kizuri barazani, na mambo ya zamani nilikuwa nimeyafunga kama jalada lililokamilika. Kisha, asubuhi moja, upepo ukaniletea harufu ya nyasi zilizokatwa. Sisemi harufu ya majani ya ng'ombe, ambayo ni nzito na tamu na kila mtu huku anaijua. Hii ilikuwa nyembamba, ya baridi, yenye kitu cha chuma ndani yake. Ni harufu ya nyasi fupi mno zilizonyolewa zikiwa bado na umande. Kiwanja kile kilikuwa kimeachwa kikawa kichaka, mbuzi wakilishwa humo kwa miaka mingi, na harufu hiyo ilikuwa haijapita puani mwangu tangu utoto. Niliweka kikombe chini nikasimama.

Siku hiyo hiyo binti wa kaka yangu, anayefanya kazi hotelini mjini, aliniletea kijitabu chenye picha. Kampuni fulani inafufua kiwanja. Wageni wataanza likizo yao ya gofu kule pwani, wacheze wakitazama bahari, kisha waletwe kwa ndege hadi magharibi waone mashamba na vilima, msitu upande mmoja na miwa upande wa pili hadi Kabras. Katikati ya kijitabu palikuwa na picha ya duara la nyasi laini na bendera nyekundu.

"Ni kuzuri, si ndiyo, Senje?" aliniuliza. Sisi humwita shangazi kwa jina hilo.

Nilimwambia ni kuzuri. Nilikuwa nimelitambua duara lile kwa mteremko wake, kama mtu anavyomtambua ndugu kwa mabega hata akiwa amempa mgongo.

Hapo mwanzo kiwanja kilikuwa na mashimo sita, na boma la Babu lilipakana nacho. Babu alikuwa ameshafariki na kuzikwa mbele ya nyumba yake, na kichwani pa kaburi pakapandwa mti wa lusiola, jinsi mwenye boma anavyowekewa alama. Kamati ilipotaka kuongeza mashimo matatu ili wageni wa likizo wasichoke kurudia njia zile zile, ilitupa kipande cha ardhi ng'ambo ya kijito, ikampa Baba kazi, na ikatoa ahadi moja ya mdomo: kaburi litazungushiwa ua na halitaguswa. Siku tuliyohama, bibi yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, alifunga kitambaa cheupe kwenye fito akaisimika juu ya kaburi ili dereva wa tingatinga alione. Nilikuwa mdogo sana. Katika asubuhi ile yote nakumbuka kitambaa tu, kikicheza ingawa hapakuwa na upepo.

Tingatinga lilikuja, kisha mvua, kisha nyasi. Niliporuhusiwa kupita kule tena, nikiwa nimeanza shule, kilima kilikuwa kimekatwa na kijito kimesogezwa. Ua haukuwapo na mti haukuwapo. Lakini palikuwa na fito iliyosimama wima, na kitambaa juu yake. Rangi tu ndiyo ilikuwa imebadilika. Kwangu mimi ahadi ilikuwa imetimizwa. Kisha niliinua macho nikaona nyingine kule mbali, na nyingine, zote pamoja tisa, nikashangaa kwamba watu wetu waliokufa walikuwa wengi kiasi hicho na hakuna aliyeniambia.

Wageni walikuja wakati wa likizo za shule, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuwatazama. Walitoka Nairobi na wengine nchi za mbali, na waliniogopesha kuliko ninavyoweza kueleza kwa haki. Walitembea wanne wanne ndani ya ukungu uliokuwa unatoka msituni. Walivaa glavu mkono mmoja tu, kama mtu anayekwenda kushika kitu kisichofaa kushikwa. Walipofika penye bendera walishusha sauti, mmoja akaing'oa fito na kuikumbatia, na mwingine akainama juu ya tundu huku wenzake wakiganda, hata kikohozi kisisikike. Kisha kitu cheupe, kama yai, kikaingia ardhini. Mtu akatia mkono kaburini, akakitoa, fito ikarudishwa, wakaenda kwenye kaburi jingine. Penye la mwisho walivua kofia wakapeana mikono, mmoja mmoja, bila kuruka mtu.

Kwetu sisi kofia huvuliwa kaburini, na mkono hupewa mfiwa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Hawa walikuwa waombolezaji waliosafiri kutoka mbali kuja kuwaona wafu wao, na wafu wao walikuwa wamelazwa pamoja na Babu. Kilichonitia baridi ni kwamba hawakulia. Mzee akifa huku kwetu utasikia msiba ukiwa bado ng'ambo ya kilima. Ng'ombe huswagwa hadi bomani, pembe hulia, ngoma za isukuti hutetemesha vikombe kabatini. Hawa walifiwa kimya.

Nilimwendea Makokha, dereva wa mashine ya kukata nyasi, mtu mwembamba mwenye mdomo usiofungwa, nikamuuliza wageni wamefiwa na nani.

Alizima mashine ili alifurahie swali. "Wamefiwa na kazi, mama. Si unaona vile wamehuzunika?"

"Na kile kitu cheupe?"

"Wanakizika, wanakifufua. Wanaenda pale mbele wanakizika tena. Mara tisa."

"Kisipofufuka?"

"Hapo ndiyo mwenyewe anarudi kwa gari yake, anafunga mlango, analia."

"Makokha," Baba alisema nyuma yake, "usimjaze mtoto upepo."

"Fundi, mimi nasema tu vile naonanga."

Makokha alikuwa akitania. Mimi nilimpokea kama mtu anayesomewa neno kanisani, na nililala na maneno yake mwaka mzima.

Kisha niligundua kwamba makaburi yalikuwa yanahama. Jumapili bendera ya saba ilikuwa karibu na kijito. Jumatatu jioni, nikitoka shule, ilikuwa hatua kumi kando, na pale ilipokuwapo nyasi zimefunga kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Sikumuuliza mtu. Kuna maswali ambayo mtoto hayaulizi kwa kuwa anaogopa yasije yakajibiwa. Nilianza kupita mbali, juu ya ukingo, nikitembea upesi bila kukimbia, maana nilikuwa nimejiambia kwamba wafu hawamsumbui mtu asiyekimbia.

Siku niliyomfumania Baba akiifanya kazi hiyo nilipata nafuu kidogo. Alikuwa amepiga magoti, amevua kofia, ameshika chuma cha duara chenye mikono miwili. Alikizungusha ardhini, akatoa nguzo ya udongo yenye nyasi kichwani, akaipeleka kwenye tundu la zamani akaikandamiza taratibu kwa kiganja. Tulikuwa na jirani aliyepooza, na nilikuwa nimeona wanawe wakimgeuza kitandani ili asifanye vidonda. Nilielewa kwamba Baba alikuwa anawageuza wafu. Nilijivunia. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alivua kofia kwa sababu ukingo wake ulimtilia kivuli kwenye kazi.

Palikuwa na jambo jingine kwenye shimo la saba, na hili halikuwa la kitoto, maana watu wazima waliliona. Upande wa magharibi wa lile duara ardhi ilizama. Mpira uliopigwa kutoka upande wowote ulifika pale ukapunguza mwendo, ukapinda, ukaenda kutulia ndani ya bonde dogo lenye urefu wa mtu. Wakija wageni wanne, mipira minne ililala pale pamoja. "Hapa kuna mtu anavuta," alisema mama mmoja kutoka Nairobi, na wenzake wakacheka. Baba hakucheka. Kila kiangazi alibeba mchanga kwa toroli akajaza, na kila mvua ilipokwisha bonde lilikuwa limerudi, na urefu wake ni ule ule.

Kukhu alikuwa ameanza kufunikwa na ukungu machoni. Alijua kuna ardhi ng'ambo ya kijito na kwamba mumewe yumo ndani yake, lakini hakuweza tena kusoma mahali. Baba alikuwa amemkataza kwenda, kwa ajili ya kazi, na kila alipouliza alijibiwa, "Liko salama, Mama. Nalichunga mwenyewe." Basi akaniuliza mimi, siku moja tukipepeta wimbi. Tulizungumza Kiluhya, naandika kwa Kiswahili.

"Mwana wanje, miguu yako inapitanga kule. Umeona kaburi la babu yako?"

"Nimeliona, Kukhu. Kitambaa chako bado kipo. Wamekibadilisha tu, sasa ni chekundu."

"Nani analitunza?"

"Baba. Anapiga magoti na anavua kofia."

Aliacha kupepeta. Naamini ni kofia iliyomshawishi. Sikumwambia kwamba kaburi lilikuwa linahama. Nilihofia kumhuzunisha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na naliandika kama lilivyo.

Tulikwenda mchana, saa ambayo mawingu hujikusanya juu ya msitu na wageni hukimbilia barazani kwa hofu ya radi. Huku kwetu mvua haichelewi. Saa nane ikifika, unaisikia ikitembea juu ya miti. Kukhu alibeba kibuyu chenye unga wa wimbi uliochanganywa na maji. Jumapili alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kiti cha mbele, lakini mavuno mapya hakuyala kabla ya kumwonjesha mwenye boma, na hakuona kwamba kuna wa kuombwa radhi. Nilimfikisha penye bendera. Alimimina kidogo tunduni, akachuchumaa.

"Mwenye nyumba, nimekuja," alisema. "Nimechelewa, walinificha njia. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mdogo wako yuko Kabras, anakata miwa, mgongo unamsumbua lakini hasikii. Huyu hapa ni wa kwako, hukumwona akiongea."

Alingoja. Kisha akatia mkono tunduni, polepole, akautoa.

"Ni baridi," alisema. "Hapa hapana mtu."

Nilimwambia yupo. Akainuka, na yale macho yasiyoona akayaelekeza upande wa magharibi wa duara, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Nani yuko pale?"

"Hakuna mtu, Kukhu."

"Nimesikia mtu amekohoa."

Matone ya kwanza yalianza kutupiga, mazito. Nilimshika mkono nikamvuta. Alikuwa mwepesi, lakini alikuja kwa shida, akigeuza kichwa nyuma kila hatua, nami nikavuta zaidi. Tulirudi mara kadhaa mwaka ule, kila mara penye bendera, kila mara mahali pengine, naye hakujua. Alipunguza maneno. Mwishowe alikuwa anamimina tu na kuondoka.

Katibu wa kamati alikuwa mtu wa miwani na daftari, asiye wa huku, anayepiga hatua fupi ili asichafue viatu. Siku moja karibu na mwisho wa mwaka alimjia Baba nikiwa nimekaa chini ya kibanda cha mashine.

"Fundi, wageni wanalalamika. Shimo la saba kila siku liko mashariki. Gofu gani hiyo?"

"Upande ule ni laini, mzee."

"Laini ndiyo wanataka."

"Inazama."

"Jaza."

"Nimejaza, mzee. Nimejaza mpaka naota mchanga."

"Jumamosi wageni wana mashindano, kisha wanafunga likizo. Nataka bendera magharibi. Ama nikutafutie mwenzako wa kukusaidia kuiweka?"

Baba alitazama upande wa magharibi. "Itakuwa," alisema.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea uji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, na hondohondo walikuwa wanalia msituni kwa ile sauti yao ya mtu anayecheka akiwa amefungiwa. Baba alikuwa amesimama kwenye bonde na chuma chake. Aliniambia niende nyumbani, nikaenda hadi nyuma ya kichaka. Alivua kofia. Kisha akapiga hodi. Sisemi kwa mfano: alisema hodi, mara mbili, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni pa mkubwa wake, akangoja kwa muda ambao mtu hungoja ajibiwe. Nami nilingoja pamoja naye.

Chuma kilishuka bila kuzungushwa. Nilimwona akiyumba mbele, kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho. Udongo uliopanda ulikuwa mweusi, umelegea, si ule mwekundu wa huku, na ndani yake mlikuwa na kitu kidogo cha duara chenye kutu ya kijani. Alikisugua kwa dole gumba. Akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko, akashindilia kikopo cha chuma tunduni, akasimika bendera, akaondoka bila kuchukua uji.

Wageni wa kwanza walifika ukungu ukiwa unainuka. Walikuwa wanne. Mpira wa kwanza ulikwenda tunduni kana kwamba umefungwa uzi, wa pili vilevile, wa tatu vilevile, na walikuwa wanacheka kwa furaha. Wa nne uliingia, lakini haukusikika ukigonga chini. Mgeni mmoja mrefu, mwenye mvi, alipiga magoti kuitoa mipira. Alitia mkono hadi kiwiko. Akalala ubavu, akautia hadi begani, shavu likagusa nyasi, na kutoka pale chini akawatazama wenzake akitabasamu. Kisha tabasamu likaisha. Aliutoa mkono polepole. Aliitazama glavu yake, akaivua, akaiacha juu ya nyasi. Waliondoka wakiwa wamekaribiana mabega, na hawakuirudisha bendera. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, walifanana na nilivyokuwa nimeamini siku zote.

Baba alikuwa amefika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya Kukhu, na kile kitu cha duara kiko kiganjani mwa Kukhu. Kilikuwa kifungo cha shaba. Aliyagusa matundu yake moja baada ya jingine.

"Hiki nilikishona mimi," alisema. "Koti lake la jeshi. Kilikatika tukiwa tunamvisha, nikakishona akiwa amelala pale. Umekitoa wapi?"

"Nilikotumwa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku walipokata mti, Mama. Nilikuwapo. Nimekuwa nikiwaweka wageni mbali naye."

"Na mimi nimekuwa nikimmiminia nani?"

Baba hakuelewa, kwa kuwa hakujua habari za kibuyu. Kukhu alinigeuzia uso, na macho yale meupe yakanipata moja kwa moja. Nilisema yote: bendera, kuhama, kikohozi, na jinsi nilivyomvuta mkono. Hakunigombeza. Ningependa kuandika kwamba alinigombeza.

"Alikuwa ananiita," alisema, "nikaondoka." Kisha akamwambia Baba, "Siku yangu ikifika uniweke kushoto kwake, mahali pa mke. Sitaki ngoma. Sitaki watu wengi. Hapo tu."

Baba alisema ndiyo.

Jumatatu Katibu alikuja na karatasi. Mgeni alikuwa amezungumza. Karatasi ilieleza kwamba mtia sahihi, akiwa mwenyeji wa mahali na mtunzaji wa nyasi, anathibitisha kuwa chini ya shimo la saba hapana kaburi lolote linalojulikana. Katibu alitaja pia, kwa upole, kwamba ardhi tuliyokuwa tunaishi juu yake ilikuwa bado haina hati, na kwamba kamati ilikuwa haijaamua. Tulikuwa watoto watano. Baba alitia sahihi akiwa amesimama. Wiki hiyo lori lilimwaga kokoto bondeni, ukafuata mchanga, zikafuata nyasi, na Baba ndiye aliyezipanda.

Kukhu aliishi mavuno mawili zaidi. Alipofariki, Baba alivaa koti akaenda kwa Katibu kuomba ruhusa. Nilimsindikiza, kwa hiyo jibu nililisikia kwa masikio yangu.

"Umzike kando ya nani, fundi? Wewe mwenyewe umeandika hakuna mtu."

Tulimzika ng'ambo ya kijito. Baba alipima kwa hatua, akaagiza kaburi lichimbwe kando zaidi ya ilivyokuwa lazima, ili upande wa kulia ibaki nafasi ya mtu mmoja. Nafasi hiyo haijalimwa hadi leo. Mwaka jana majirani walinishauri nipande hata maharagwe, maana ardhi ni haba. Niliwaambia kwamba ina mwenyewe.

Nilisoma, nikaajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi, nikapanda ngazi hadi nikakabidhiwa muhuri. Siku moja jalada la kiwanja lililetwa mezani kwangu kwa ajili ya kuongezewa muda wa umiliki, na ndani yake mlikuwa na ile karatasi na sahihi ya Baba. Mwombaji alitaka nakala iliyothibitishwa. Nililinganisha nakala na asili neno kwa neno, nukta kwa nukta. Zililingana. Niliandika kwamba ni nakala ya kweli, nikapiga muhuri. Ilikuwa nakala ya kweli ya uongo. Nilikuwa na watoto shuleni na mkuu wa idara amesimama mlangoni. Hizo si sababu, naziweka tu kwenye kumbukumbu. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo kubwa.

Baada ya kukiona kijitabu nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni nikaomba kuona ramani ya kazi. Upande wa magharibi wa shimo la saba umechorwa bwawa la maji la kupendezesha. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa kiti na chai.

"Mama, tumeangalia," aliniambia. "Rekodi za hiyo shamba ni safi kabisa. Hadi kuna barua."

"Barua hiyo naijua, mwanangu. Muhuri ulioko juu yake ni wangu."

Aliisoma tena, akanitazama. "Basi si iko sawa?"

Nilimwomba aniruhusu kupaona. Alinipeleka mwenyewe asubuhi iliyofuata, mapema, kabla ya mitambo kuwashwa. Umande ulikuwa umelala juu ya duara lote, mweupe, bila alama ya unyayo. Upande wa magharibi palikuwa na mahali pakavu, pa urefu wa mtu. Kushoto kwake, karibu sana, palikuwa na mahali pengine pakavu, pafupi kidogo, ambapo kingo zake zilikuwa bado hazijatimia. Kijana aliuliza kama kuna bomba la maji limepita pale chini. Nilimwambia sijui. Naandika nilichokiona, mbele ya shahidi, asubuhi kweupe, nikiwa na akili timamu, maelezo sitoi.

Kwa hiyo sitoi ombi, natoa dai. Nadai kazi ya bwawa isimamishwe leo, kabla ya koleo la kwanza. Nadai ardhi ile ifunguliwe kwa mkono, si kwa mtambo, mbele ya ukoo, mchungaji, na afisa wa afya. Nadai ile karatasi iondolewe kwenye jalada, na mahali pake iwekwe kiapo changu, ambacho nimekwisha kula na kutia sahihi, kinachoeleza nilichokijua siku nilipoipigia muhuri. Nadai Babu aletwe alale kuliani kwa mkewe, au mkewe apelekwe alale kushoto kwake, ukoo utakavyoamua. Na ikiwa kampuni, au warithi wa kamati, au ofisi yoyote inayohusika, itaona hayo ni mazito, basi nadai jambo moja jepesi: jibu la maandishi, ndani ya siku kumi na nne, lenye jina kamili na sahihi ya mtu aliye hai, likinitajia ni nani kati yao anayethibitisha kwamba pale chini hapana mtu, akiwa ameshaambiwa nami kwamba yupo.